KABATI LIFUNGULIWE: KAZI YA MWALIMU-MKUTUBI NA WAJIBU WETU

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia

(Maneno haya yalisemwa katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliomba kuyasoma tena na kuyajadili na wenzao. Maswali ya majadiliano yako mwishoni.)



Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya maji, mbuzi wa maziwa, miche na akiba ya kikundi. Leo tutazungumza juu ya kabati. Katika shule nyingi za msingi ukiingia ofisini mwa mwalimu mkuu utaliona. Ni la chuma, na lina kufuli. Ndani mna vitabu vya hadithi, kamusi, ramani, labda na kitabu cha kilimo au cha afya. Ukifika nyumbani leo mwulize mtoto wako, "Ndani ya lile kabati mna nini?" Atakuambia, "Vitabu vya shule." Sasa mwulize, "Wewe umesoma vingapi?" Hapo wengi watanyamaza.

Ufunguo wa kabati hilo uko kwa mwalimu mmoja. Watoto humwita mwalimu wa maktaba. Jina lake kamili ni mwalimu-mkutubi, maana mkutubi ni mtu anayetunza maktaba na kuwasaidia wasomaji. Tunataka tujibu maswali matatu: kazi yake ilikuwa nini, siku hizi imekuwa nini, na sisi vikundi inatuhusu vipi. Mkisahau mengine yote, shikeni hili moja: mwalimu huyu hawezi kulifungua kabati peke yake. Linalolifunga si kufuli tu. Ni hofu ya vitabu kupotea, na hofu hiyo wazazi na vikundi tunaweza kuipunguza.

TULIKOTOKA

Mambo ya kusoma si mageni kwetu watu wa kanisa. Wakikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza athomi, na Wajaluo waliwaita josomo. Maneno yote mawili maana yake ni wasomaji. Mtu alijulikana kuwa Mkristo kwa kitabu alichokishika mkononi. Katika misheni kadhaa mtu hakubatizwa kabla ya kujua kusoma. Vitabu vilikuwa vichache na watu walipokezana.

Baada ya Uhuru tulijenga shule kwa harambee. Wazee walio hapa wanakumbuka walivyobeba mawe na mchanga. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Shirika la Huduma za Maktaba za Kitaifa, na mwaka 1967 shirika hilo likaanza kazi. Mwaka 1979 serikali ikaanzisha idara ya elimu ya watu wazima, na wengi wetu tuliwaona mama na baba zetu wakienda kusoma jioni. Mwaka 1996 huko Garissa, maktaba ilianza kuwafuata wafugaji kwa ngamia, waliobeba masanduku ya vitabu pamoja na hema la kusomea. Tunayataja haya ili tukumbuke kwamba nchi hii imewahi kuamini kwamba kitabu kinaweza kumfuata msomaji mpaka kwake.

Kisha ukaja mwaka 2003, elimu ya msingi ikawa bila malipo. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na shilingi 650 kati ya hizo zilikuwa za vitabu na vifaa vya kusomea. Kamati za shule zilichagua na kununua. Tangu mwaka 2018 utaratibu ukabadilika, wachapishaji wakawa wanapeleka vitabu moja kwa moja shuleni, lengo likiwa kitabu kimoja kwa mtoto mmoja katika kila somo.

Hayo ni maendeleo makubwa, na tumshukuru Mungu. Lakini hebu tutofautishe vitabu vya aina mbili. Kuna kitabu cha kiada, ambacho mwalimu anafundishia darasani. Pesa nyingi zimekwenda huko. Na kuna kitabu cha kusoma, yaani hadithi, maisha ya watu, wanyama, safari, kazi za mikono. Hiki cha pili ndicho kinachomzoesha mtoto kusoma hadi akaacha kuhesabu herufi. Utafiti wa Uwezo, ambao ulianza kwetu mwaka 2009, umeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima mwaka 2015, ulisaidia kwa kuwapa watoto wa madarasa ya chini vitabu na kuwafundisha walimu njia bora. Hata hivyo mtoto akishajua kusoma anahitaji kitu cha kusoma. Ukimfundisha mtu kulima halafu umnyime shamba, atasahau jembe.

MLINZI AMEKUWA KIONGOZI WA NJIA

Zamani kazi ya mwalimu wa maktaba ilikuwa kulinda. Alipokea vitabu, akavipiga muhuri, akaviandika katika daftari, akafunga. Mwisho wa mwaka alihesabu, na hesabu ikitimia alisifiwa. Kazi hiyo haikuwa ya bure, kwa maana vitabu vilikuwa haba. Asiyejua kutunza hana cha kugawa.

Lakini siku hizi kulinda peke yake hakutoshi. Mnakumbuka habari ya Filipo na yule towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume sura ya 8. Yule bwana alikuwa mkubwa, ana gari la farasi, na kitabu anacho mkononi. Hakukosa kitabu. Alikosa mtu wa kumwongoza. Filipo alikimbia akalifikia gari, akamwuliza kama anaelewa anachosoma, akapanda, akakaa naye. Basi mwalimu-mkutubi wa leo kazi yake inafanana na ile ya Filipo. Aanzie pale mtoto alipo, amwulize, akae naye.

Kilichoongeza haja hii ni mtaala wa umilisi, ulioanza rasmi nchi nzima mwaka 2019 kwa gredi ya kwanza hadi ya tatu. Mtaala huu humtaka mtoto atafute mambo mwenyewe, alinganishe, aeleze. Mnajua wenyewe zile kazi watoto wanakuja nazo nyumbani: tafuta vyakula vya asili vya eneo lenu, chunguza udongo unavyomomonyoka, uliza juu ya mavazi ya zamani. Mzazi asiye na kitabu anakwaruza kichwa. Wengine wanatuma pesa kwa duka la kompyuta wachapishiwe kurasa ambazo hata mtoto hakuzisoma. Tena tangu mwaka 2023 gredi ya saba iliwekwa katika viwanja vya shule za msingi, na madarasa yaliyofuata vilevile. Kwa hivyo kabati moja linatakiwa kumtosha mtoto wa miaka sita anayeanza herufi na kijana wa miaka kumi na minne anayesoma sayansi.

Mwalimu-mkutubi mzuri hufanya kazi hizi tano.

Kwanza, huchagua. Anajua watoto wake wanasoma kiwango gani na wanapenda nini. Haruhusu kabati lijae vitabu visivyofaa eti kwa sababu vimetolewa bure.

Pili, hupanga ili kitu kipatikane. Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, alitoa mwaka 1876 mpango wa kugawa vitabu vyote katika mafungu kumi kwa nambari. Dini iko 200, sayansi 500, afya 610, kilimo 630, fasihi 800, historia na jiografia 900. Maktaba kubwa nyingi duniani zinautumia mpango huo hadi leo. Shule ndogo haihitaji nambari zote. Utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu unatosha: kijani kwa kilimo, nyekundu kwa afya, manjano kwa hadithi rahisi. Hata mtoto wa gredi ya pili ataweza kurudisha kitabu mahali pake.

Tatu, huazimisha. Anaandika jina la mtoto, jina la kitabu, siku kilipotoka na siku kinaporudi. Daftari lake halionyeshi tu vitabu viko wapi. Linaonyesha nani anasoma na nani hasomi. Akiona jina fulani halijaonekana kwa muda wa mwezi mzima, anamwita mtoto yule kwa upole na kumtafutia kitabu chepesi.

Nne, hufundisha kutafuta. Hili wengi hawalijui. Mtoto akiambiwa achunguze mmomonyoko wa udongo, mwalimu hampi jibu. Anamwonyesha yaliyomo mwanzoni mwa kitabu, na faharasa mwishoni, ile orodha ya maneno inayoonyesha kurasa. Anamfundisha kutafuta neno katika kamusi kwa kufuata alfabeti. Halafu anamtuma kwa mzee mmoja wa kijiji aliyechimba matuta kwa miaka mingi, akamwulize maswali matatu. Mtoto akirudi analinganisha maneno ya kitabu na maneno ya mzee. Mtoto aliyejifunza hivyo, hata akiacha shule, atajua kujitafutia habari za dawa ya mahindi au za bei ya sokoni.

Tano, huwafundisha watoto kupima maneno ya simu na intaneti. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka tabuleti katika shule za msingi, na siku hizi simu ziko karibu kila boma. Mambo mengi ya kweli yamo humo, na uongo mwingi pia umo. Mwalimu-mkutubi humzoesha mtoto kuuliza: nani ameandika hili? Ameandika lini? Anataka kuniuzia kitu? Je, kuna mwingine anayesema hivyohivyo? Maswali haya yanatufaa hata sisi wazima, hasa wakati wa uchaguzi na wakati wa magonjwa.

KWA NINI KABATI LINABAKI LIMEFUNGWA?

Sasa mtu atauliza: kama kazi ni hiyo, mbona haifanyiki? Tusiharakishe kumlaumu mwalimu. Tunapozunguka shuleni tunaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni muda. Katika shule nyingi za msingi mwalimu huyu aliletwa na TSC kufundisha masomo kama wenzake. Kazi ya maktaba imeongezwa juu ya vipindi vyake. Wakati watoto wako huru, yeye anasahihisha madaftari. Vyuo vyetu vinafundisha elimu ya ukutubi, kwa mfano Chuo Kikuu cha Moi tangu mwaka 1988, lakini mwalimu wa kijijini mara nyingi hukabidhiwa ufunguo tu bila mafunzo yoyote.

Sababu ya pili ni mahali. Hakuna chumba, vitabu viko ofisini, na mtoto anaogopa kuingia ofisini. Huko ndiko anakoitwa akikosa.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, ni hofu. Kitabu kikipotea, swali la kwanza ni, "Nani alikuwa na ufunguo?" Mwalimu aliyeazimisha vitabu mia mbili na kupoteza kumi anaitwa mzembe. Mwalimu aliyefunga kabati mwaka mzima haulizwi neno. Sasa wewe ungekuwa yeye ungefanya nini?

Hebu tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano tu. Shule ina vitabu vya hadithi 200. Muhula una wiki 12 za kuazima. Kila kitabu kikitoka mara moja kwa wiki, basi vitabu vimesomwa mara 2,400. Tuseme mwisho wa muhula vitabu 10 vimepotea. Hiyo ni hasara ya kitabu kimoja kwa kila mara 240 za kusoma. Bei ikiwa shilingi 300, hasara yote ni shilingi 3,000. Tukiigawanya kwa wanafunzi 200, ni shilingi 15 kwa kila mtoto kwa muhula mzima. Kikundi cha watu 25 wakitoa shilingi 40 kila mwezi kwa miezi mitatu, hasara imelipwa yote.

Sasa tazama shule ya pili, ile iliyofunga. Vitabu vyote 200 vipo, daftari ni safi, na mara zilizosomwa ni sufuri. Shule gani imepata hasara kubwa? Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya vitabu huoza. Mchwa wanaila, unyevu unaila, panya wanaila, na mtoto aliyekusudiwa anakua na kumaliza shule. Machi 2020 shule zilipofungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, na madarasa yote yakarudi Januari 2021. Muda huo katika shule nyingi vitabu vilikuwa kabatini na watoto wengi walikuwa nyumbani. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kisihesabiwe kuwa hasara. Kimefanya kazi yake.

VIKUNDI VIFANYE NINI?

1. Tuweke kanuni ya vitabu kupotea. Hili ndilo la kwanza kwa sababu bila hili mengine hayatasimama. Katika mkutano wa wazazi pendekezeni kanuni fupi iandikwe na kupitishwa na halmashauri ya usimamizi wa shule. Kwa mfano: kitabu kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida, hakuna wa kulaumiwa. Kilichopotea kwa uzembe, mzazi alipe kidogokidogo, au kama hana pesa afanye kazi kama kutengeneza rafu. Mwalimu asikatwe shilingi hata moja kwa kitabu alichokiazimisha kwa kufuata utaratibu. Na mtoto yeyote asifukuzwe shule kwa ajili ya kitabu. Kanuni ikishapita, mwalimu ameondolewa mzigo mgongoni.

2. Tuanzishe mfuko mdogo wa vitabu. Kama ile hesabu ilivyoonyesha, si lazima uwe mkubwa. Mweka hazina aandike risiti, na kila muhula wanakikundi wasomewe pesa zilizoingia na vitabu vilivyonunuliwa. Mnunue vile mwalimu-mkutubi alivyoorodhesha, na mwulizeni kwanza kama vinapatana na orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa. Msinunue kwa kufuata sura ya jalada.

3. Tujenge mahali. Maktaba si lazima iwe jumba. Inaweza kuwa sanduku la mbao lenye magurudumu, pembe ya darasa, au mkeka chini ya mwembe saa ya mapumziko. Mafundi wetu wa mbao wanajua la kufanya. Rafu isiegemee ukuta. Miguu yake iwekwe ndani ya mikebe yenye oili chafu ili mchwa wasipande. Chumba kipate hewa, na vitabu vitolewe kupigwa na upepo mara kwa mara, hasa baada ya mvua ndefu.

4. Tutunze vitabu. Karatasi ya mfuko wa saruji ni kava nzuri na ngumu. Kitabu kilichofumuka kinashonwa kwa sindano kubwa na uzi, kisha kinapakwa gundi. Vikundi vya ushonaji vinaweza kushona mifuko ya kitambaa ya kubebea vitabu, maana mifuko ya plastiki ya madukani ilipigwa marufuku mwaka 2017, na daftari na kitabu cha hadithi vikibebwa kwenye mvua bila mfuko haviishi muhula. Nyumbani tuwe na mahali pamoja pa kitabu, juu, mbali na moto na mtoto mdogo.

5. Tutoe mikono. Kila kijiji kina kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado hajapata kazi. Anaweza kusaidia siku mbili kwa wiki, kuandika daftari na kuwasomea wadogo. Hata hivyo tuwe waangalifu. Mtu huyo achaguliwe na halmashauri, awe anajulikana tabia yake, na afanye kazi mahali pa wazi akiwa chini ya mwalimu. Watoto wenyewe pia wachaguliwe viranja wa maktaba. Mkipata kijana wa namna hiyo, mwombeni mwalimu mkuu ampunguzie mwalimu-mkutubi kipindi kimoja au viwili, na atie saa ya maktaba katika ratiba ya kila darasa. Jambo lisilo kwenye ratiba hufanyika siku moja tu, siku mgeni akija.

6. Tuwe vitabu vinavyotembea. Kina mama wanaojua vyakula vya asili, wazee wanaojua historia ya mto wetu, wafugaji wanaojua dalili za ugonjwa wa mifugo, jitoleeni mwitwe shuleni. Tena hadithi zenu ziandikwe. Mwalimu na watoto wakiandika hadithi kumi katika daftari kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, wakachora picha, wakatia kava, shule imepata vitabu ambavyo havipatikani dukani. Watoto wa gredi za chini wanafundishwa kwa lugha ya eneo lao, na vitabu vya lugha hizo ni vichache mno.

Tunaongeza onyo moja. Tusiende shuleni kama wakaguzi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka halmashauri ya usimamizi na chama cha wazazi, nasi tupitie huko. Anzeni kwa mwalimu mkuu, mwambieni, "Tumekuja kusaidia, tuambie uzito uko wapi." Mwalimu akiona tumekuja na msumeno na misumari badala ya lawama, ufunguo utatoka wenyewe. Mkiwa huko ulizeni pia juu ya maktaba ya umma iliyo karibu. Katiba ya mwaka 2010 iliweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hivyo wakati wa vikao vya bajeti ya kaunti, pamoja na barabara na zahanati, mtu mmoja wa kikundi asimame ataje vitabu. Asipotaja mtu, hakuna atakayekumbuka.

FAIDA KWA KIKUNDI CHENYEWE

Mwingine atasema, "Mimi watoto wangu wamemaliza shule, hii hainihusu." Inamhusu. Halmashauri ikikubali, kabati hilo linaweza kufunguliwa Jumamosi alasiri kwa wazazi. Kitabu cha kilimo kilichoandikwa kwa gredi ya nane kinamfaa mkulima vizuri, kwa sababu lugha yake ni nyepesi na kina picha. Mama aliyejifunza kusoma ukubwani anahitaji hadithi fupi ili asisahau. Katibu wa kikundi anahitaji kamusi anapoandika barua ya maombi. Na mzazi asiyejua kusoma kabisa anaweza kumwambia mtoto, "Nisomee ukurasa mmoja." Mtoto atasoma kwa bidii akijua kuna anayemsikiliza. Huyo mzazi amefanya kazi ya mwalimu-mkutubi pale jikoni kwake, bila yeye mwenyewe kujua herufi moja.

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho lake na vitabu vyake, alivyoviacha huko Troa. Mtu yuko gerezani, anasikia baridi, na bado anakumbuka vitabu vyake viko wapi na kwa nani. Tuwe na moyo kama huo kwa vitabu vya shule zetu. Tujue viko wapi, viko kwa nani, na vinarudi lini, lakini visikae vimefungwa.

Ndugu zetu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu mmoja mwenye ufunguo mmoja, vipindi vyake vimejaa na hofu imemkaa moyoni, hatashinda peke yake. Kabla ya mwisho wa mwezi huu kila kikundi kichague watu wawili waende shuleni, wazungumze na mwalimu mkuu na mwalimu-mkutubi, na warudishe habari katika mkutano unaofuata. Tutakapokutana tena hatutauliza mna vitabu vingapi. Tutauliza vingapi viko nje, mikononi mwa watoto.

Mungu awabariki na aibariki kazi ya mikono yenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika shule yetu nani ana ufunguo wa vitabu? Kabati hufunguliwa mara ngapi kwa wiki?

2. Kitabu kikipotea leo, nani atalipa? Je, kuna kanuni iliyoandikwa? Sisi tungependekeza kanuni gani?

3. Katika kikundi chetu nani ni fundi wa mbao, nani anashona, nani ana hadithi za zamani, nani ana kijana aliyemaliza kidato cha nne? Orodhesheni majina.

4. Tukianza mfuko wa vitabu, kila mtu anaweza kutoa shilingi ngapi kwa mwezi bila kuumia?

5. Ni watu gani wawili watakaokwenda shuleni, na ni siku gani? Andikeni katika kitabu cha kumbukumbu kabla ya kufunga mkutano kwa sala.